Ng'ombe wa Mahari Kupitia Poti 8080

Jumanne, 2 Septemba 2025

Mimi Boaz, mtu mzima, mwenye ruta yangu mwenyewe hapa Kahama, nimeitwa mwongo wa picha! Nilimtumia Mzee Donatus, baba yake Eufrasia, picha za ng'ombe wa mahari. Kajibu kutoka Rwamgasa kwamba kwenye picha hata mgonjwa hunenepa. Anataka kuwaona wote kumi na wawili wakitembea, saa yoyote ya mchana apendayo. Kuja hawezi, haliachi shimo lake la dhahabu. Asipowaona, hakuna harusi.

Ng'ombe ninao. Tatizo kiangazi. Mbavu zao unazihesabu ukiwa barabarani. Sasa hilo ni kosa langu? Mvua naileta mimi?

Nimenunua kamera mbili. Moja ya zizini, moja ya mlango wa nyuma kwa ajili ya wezi wa kuku.

Jumatano, 3 Septemba

Kamera ina kiburi! Nikiwa ndani naiona kwenye simu vizuri. Nikitoka nje ya waifai, giza. Kuna programu ya kuifungua, inadai malipo kila mwezi. Wizi mtupu! Fundi Mwita kasema ipo njia ya bure. Ruta ni bawabu, mgeni hapiti. Unaiambia: atakayebisha hodi poti 8080, mpeleke kwa kamera ya zizini. Akataka aje kuniwekea. Nikamwambia ahsante, macho ninayo.

Kutwa nzima na ruta. Nimeandika 8008. Nimeandika 8080 kwenye kisanduku kisicho chake. Kampuni ya intaneti wakaniambia nizime niwashe. Nimezima. Nimewasha. Jioni ikakubali!

Mwita kapiga tena, eti niifungie kamera anwani yake humo ndani ya ruta isije ikabadilika. Nimecheka. Kamera nimeipigilia misumari ukutani, itahamia wapi?

Alhamisi, 4 Septemba

Jirani Abdulshakur ananenepesha ng'ombe wa machinjioni. Wana mashavu! Nimemwomba kumi na wawili washinde kwangu, nitawalisha mashudu ya pamba bure. Kakubali kabla sijamaliza kusema. Mfanyabiashara huyo! Wanaingia alfajiri kwa mlango wa nyuma, jioni wanarudi. Wangu nimewaficha nyuma ya jiko, karibu na mlango huohuo.

Nimemtumia Mzee linki. Kapiga mwenyewe: ng'wanawane, nimewaona, wanapendeza. Ng'wanawane, yaani mwanangu! Mimi! Siku ya kuwapeleka, akiuliza mbona wamekonda, nitasema ni lori. Kila mtu anajua lori linakondesha.

Eufrasia kauliza yule mwekundu kaota nundu lini. Nimemwambia mapenzi humfumbua mtu macho. Hakucheka.

Jumamosi, 6 Septemba

Umeme ulikatika jana, umerudi alfajiri. Ruta imewaka, kamera zimewaka. Salama. Nimewaingiza ng'ombe wa jirani. Mmoja kagoma mlangoni, nimemsukuma makalio mpaka suruali ikachanika. Wangu wamelia kutwa kwa harufu ya mashudu yanayoliwa na wageni. Waroho!

Jumapili, 7 Septemba

Kanisani sikufika. Mzee kapiga nikiwa njiani. Salamu ndefu. Ng'wangaluka, umeamkaje, kuku hawajambo. Halafu kauliza kama suruali imeshonwa.

Nimerudi mbio. Kumbe umeme uliporudi ruta imegawa anwani upya! Kamera zimebadilishana. Poti 8080 sasa inampeleka mgeni mlango wa nyuma. Tangu jana Mzee na wachimbaji wake wameizunguka simu, wananitazama nikisukuma makalio ya ng'ombe wa Abdulshakur, na wangu wakilia njaa pembeni. Ruta haina adabu! Inakaa kwangu, inakula umeme wangu, inanichongea kwa wakwe!

Eufrasia kaja, kalia sana. Kasema baba yake alijua wamekonda, nani ana ng'ombe mnene mwezi wa tisa? Alitaka tu kuona kama ninawatunza. Anayewanyima ng'ombe wake atamlisha nini binti wa mtu? Nimeumia, kweli nimeumia. Lakini si wangesema mapema!

Jumanne, 9 Septemba

Mzee katoa hukumu, kaileta Eufrasia. Harusi ipo, ila baada ya mvua. Mpaka wakati huo nilishe ng'ombe wangu, naye awaone wakinenepa kwa kamera. Eufrasia kafurahi. Kasema ninunue mashudu, basi. Basi! Kana kwamba mashudu yanaokotwa!

Nimewaza mchana kutwa. Abdulshakur naye kafunga kamera zizini kwake juzi, mwigaji mkubwa. Nimekwenda kumwomba nenosiri la ruta yake. Kauliza la nini. Nimesema nataka kumwekea usalama, majirani tusaidiane. Kanipa, na chai juu. Poti ya kamera yake imekubali mara ya kwanza, mkono umeshazoea. Mzee nimeshamtumia linki mpya.

Safari hii sihamishi ng'ombe hata mmoja.