Waraka wa Kufupisha Safari ya Ndege

Wananchi wote walitangaziwa kwamba, kuanzia Jumatatu, safari ya ndege kutoka makao makuu hadi mji wa ng'ambo itachukua saa sita badala ya tisa. Hakukununuliwa ndege mpya. Mkurugenzi wa Umbali alitia sahihi tu.

Kazi ilifanyika kitaalamu. Kamati ya watu kumi na mmoja iliazima futi ya fundi cherehani, ikapima ramani ya ukutani, ikagundua kwamba marubani wamekuwa wakijivuta angani miaka yote. Ramani ilikuwa ndefu kuliko ukuta, kwa hiyo ilikunjwa katikati ili kabati la mafaili lipate nafasi. Rubani mkongwe aliyeitwa kujieleza mbele ya Mkurugenzi aliitazama, akakuna kichwa.

"Mheshimiwa, hapo kwenye mkunjo ndipo penye bahari."

"Bahari gani? Mbona siioni?"

"Huwezi kuiona. Mmeikunja."

Ikaandikwa kwamba rubani hakutoa ushirikiano.

Wiki hiyohiyo binti wa pekee wa Mkurugenzi, aliyekuwa akiishi ng'ambo, alikuwa anaolewa. Mama yake alipofariki, Mkurugenzi alimwahidi kwamba yeye ndiye atakayemshika mkono kuingia ukumbini.

"Baba, ndoa ni saa tisa alasiri," binti alimpigia. "Njoo na ndege ya siku moja kabla, tafadhali."

"Ya saa mbili asubuhi inafika saa nane, mwanangu. Nikitangulia, watu watasema siuamini waraka wangu."

"Kwani unauamini?"

Mkurugenzi akasema mtandao unasumbua, akakata simu. Usiku ule hakulala vizuri, lakini hilo halikuingia kwenye kumbukumbu.

Siku ya safari, ilipotimu saa nane, sauti ya rubani mkongwe ilisikika kwenye spika. Aliwashukuru abiria kwa kufika salama. Kisha akamwomba mheshimiwa wa kiti cha mbele atazame dirishani, maana ile bahari ndiyo hiyo.

Ilikuwa pana kweli.

Walitua saa kumi na moja. Karani wa uwanjani akamgongea muhuri wa saa nane.

"Dada, hebu tazama saa ya ukutani!"

"Naiona, mzee. Nikiiandika hiyo, nitaitwa kujieleza."

Ukumbini viti vilikuwa vinapangwa juu ya vingine. Binti yake alikuwa amekaa na gauni lake jeupe, viatu mkononi, macho mekundu.

"Nisamehe, mwanangu. Nimechelewa."

"Hujachelewa, Baba. Niliwaomba wakusubiri. Msajili wa ndoa akatoa waraka wako, akasema umeshafika tangu saa nane. Akaamuru tuingie."

Akamwonyesha picha. Binti alikuwa anaingia ukumbini peke yake, mkono mmoja ameukunja, ameshika hewa. Chini yake mpiga picha, mtu mwangalifu, alikuwa ameandika: Bibi arusi akiwa na baba yake, Mkurugenzi wa Umbali.

Mkurugenzi aliitazama kwa muda mrefu.

"Nimetoka vizuri," alisema, kisha akalia.