Kopo Zima kwenye Mchicha

Jumatatu, 3 Machi
Muumba ni mwema! Fundi wa mtambo wetu hapa dampo ametugawia walinzi mbolea ya majaribio, kila mtu kopo lake. Chembe nyeupe kama chumvi. Zimetoka kwenye yale maji meusi yanayochuruzika chini ya taka. Ile harufu yake ya kuchoma pua wanaikamata kwenye tindikali, wanakausha, basi. Uvundo umekuwa mbolea! Kasema kijiko kimoja kwa ndoo ya maji.

Imekuja wakati wake. Kiwanja cha nyuma ni cha mama mkwe. Juu nalima mimi, chini shemeji, kaka wa mke wangu. Jumapili ya wiki ijayo mama anakuja. Mwenye mchicha bora anaachiwa chote.

Jumanne, 4 Machi
Shemeji ameliona kopo. Kacheka mpaka kashika ukuta. Ati yeye hali jalala, mchicha wake utakua kwa baraka tupu. Ananifundisha baraka mimi! Mtu anayekoroma ibadani! Hasira zikanipanda. Nikamwaga kopo zima. Mke wangu kauliza kama ndivyo fundi alivyoelekeza. Nikamjibu nimeshaliombea.

Alhamisi, 6 Machi
Mvua kubwa. Maji yameteremka kutoka tuta langu hadi kwa shemeji. Na yaende.

Jumatano, 12 Machi
Balaa. Mchicha wangu umeungua kingo, umejikunja kama karatasi iliyopita motoni. Nimeukemea kwa maombi. Wapi! Wa shemeji una majani kama sahani.

Jumapili, 16 Machi
Mama mkwe kapita kwangu bila kusimama. Kwa shemeji kainama, kachuma, katabasamu. Uvumilivu ukanishinda. Nikasema ile ni mbolea yangu, imeshuka na mvua. Shemeji akaapa hajatia kitu. Mama akanitazama kwa huruma.

“Mkwe wangu, umekosa mchicha, sasa unadai na wa mwenzio?”

Kiwanja kimekwenda. Kwa kunionea haya kaniachia tuta moja, lile lile la juu.

Jumatatu, 17 Machi
Fundi kanipa kopo jingine. Kaniapisha: kijiko kimoja tu. Nimeapa kwa moyo safi.

Njiani nikawaza. Lile la kwanza mvua iliondoka nalo, mchicha wangu haukupata hata chembe. Kumbe tatizo lilikuwa uchache! Mungu atanielewa. Kesho namwaga lote, na leo nafunga kuomba mvua isinyeshe.