Bati Lililosema Haiuzwi

Redio ilitangaza asubuhi kwamba kisulisuli cha jana jioni kilizoa vitu vya watu ng'ambo ya mto na kuvimwaga upande huu: godoro juu ya nguzo ya umeme, jogoo mzima ndani ya pipa. Lakini barazani kwa Birika, dada muuza kahawa, jogoo hakuwa na wa kumjadili. Watu walikuwa wanakodolea macho paa la nyumba yake. Bati jekundu lilikuwa limejilaza pale, limeandikwa kwa rangi nyeupe: NYUMBA HII HAIUZWI.

Na leo ndiyo siku kaka yake, Mipango, anamleta mnunuzi. Nyumba waliachiwa wote wawili na marehemu mama yao. Birika, anayelala humo na wanawe, hakuulizwa. Kubishana na kaka yake hakukujua. Alichojua ni kumimina kahawa, akawa anamimina.

"Huu upepo una akili," Kinyozi alisema. "Nyumba zote hizi, ukachagua hii."

"Tena maandishi juu, upande wa barabarani," akadakia Fundi Bomba. "Lingeanguka kifudifudi tungesema bahati mbaya."

"Fundi, niazime ngazi," alisema Mipango, aliyekuwa ametangulia kumsubiri mnunuzi. Jasho lilikuwa linamtoka.

"Ngazi inaumwa kiuno, kaka."

"Ni takataka tu zile."

"Takataka zilizosoma kukushinda."

"Halafu bati la watu hilo," Kinyozi alisema. "Ukilibandua, mwenyewe akija utamwambia nini? Na mwenyewe keshasema haiuzwi."

Birika aliinamia birika lake kuficha kicheko. Mipango akamwona.

"Wewe cheka. Mwisho wa mwezi uwe umeshafungasha, wewe na wanao."

Kahawa aliyokuwa anaimimina ikafurika kikombe, ikamwagika kwenye benchi. Kinyozi akaifuta kwa taulo lake la kunyolea.

Gari likasimama. Mnunuzi akashuka, viatu vinang'aa, akatazama paa. Akasoma. Akarudia kusoma.

"Nani kaliweka lile?"

"Upepo," alijibu Kinyozi, akipuliza kikombe chake.

Mnunuzi akamgeukia Mipango. "Si uliniambia umezaliwa peke yako? Huyo Upepo ni nani? Naye mrithi?"

Mipango akafungua mdomo, lakini sauti iliyotoka ilikuwa nyembamba, na haikuwa yake.

"Ndiye kaka yetu mkubwa," Birika alisema, macho chini. "Mimi ndiye kitinda mimba."

"Kumbe mko watatu." Mnunuzi alikuwa keshashika mlango wa gari. "Na huyo mkubwa anapatikana wapi?"

"Alipita jana jioni. Hakusema atarudi lini."

Kahawa ikampalia Kinyozi. Fundi Bomba alikuwa bado anampiga mgongoni wakati gari linakata kona, na Mipango nyuma yake, anakimbia huku akipiga kelele kwamba upepo ni upepo tu.