Watu Kumi na Wawili Wanakitazama

Jumatatu, 3 Juni

Mke wangu anahitaji kitabu. Hesabu za dawa, toleo la tano. Mtihani ni Jumamosi ya tarehe 22. Miaka kumi na minane amepiga deki na kubadilisha mashuka wodini. Akifaulu huu, anaingia chuo cha uuguzi. Akifeli, basi tena, mwakani umri utakuwa umempita. Aliniambia haya huku anamenya viazi, kwa sauti ya mtu anayetaja hali ya hewa. Kitabu kipo dukani kwa chuo, akasema, nipite nikichukue.

Nikacheka. Dukani kwa chuo! Bei ya kumkomoa mtu! Nikamwambia aniachie mimi. Maduka ya vitabu yamejaa mtandaoni, na mwenye akili hulinganisha. Shemeji yangu, mdogo wake anayeuza matairi, alikuwepo akinywa chai yetu. Akajitolea kukinunua yeye kesho asubuhi, yaishe. Nikamshukuru kwa shingo upande. Mke wa mtu hanunuliwi kitabu na ndugu yake wakati mume yu hai. Akasema mchagua jembe si mkulima, akaongeza sukari.

Jumatano, 5 Juni

Kazini leo nimekata lenzi nne tu. Muda uliobaki nimechora jedwali nyuma ya fomu ya miwani ya mteja. Duka la kwanza, lenye nembo ya kasuku: kitabu rahisi, usafirishaji ghali kuliko kitabu. La pili, la bluu: usafirishaji bure, mradi ununue vitabu vinne. Nilishachagua cha ufugaji wa nyuki na viwili vya kuogelea kabla sijajizuia. La tatu linauza vilivyotumika: bei nzuri mno, picha yenye ukungu mno.

Uamuzi: nimekiweka kwenye kapu la kasuku, kisha nikaondoka. Sokoni ukiondoka unaitwa. Nasubiri kuitwa.

Ijumaa, 7 Juni

Sijaitwa.

Mke wangu kaniuliza kama kitabu kiko njiani. Nikamjibu kiko kwenye kapu. Akashukuru. Niliona vibaya kidogo, kwa sababu anadhani kapu liko kwenye gari.

Jumatatu, 10 Juni

Mkakati! Bei za mtandaoni hupanda na kushuka bila taarifa. Asiyekesha hapati. Nimeteua wafuatiliaji wanane: dada wa mapokezi, dereva, mhasibu, fundi wa fremu, mlinzi wa getini, mama wa chai, jirani wa juu na jirani wa chini. Kila mmoja akae kwenye ukurasa wa kasuku, bei ikishuka aniambie. Kununua marufuku. Wamekubali wote, maana miwani yao nawatengenezea bure.

Saa tisa nikafungua mwenyewe. Chini ya picha ya kitabu pametokea maandishi mekundu: watu saba wanakitazama sasa hivi. Na bei imepanda! Juzi hakuna aliyekijali kitabu hiki duniani. Leo saba. Ni nani hawa?

Jumanne, 11 Juni

Watu kumi na wawili! Bei imeipita ya chuo.

Nani mwingine kama si shemeji? Nikaomba ruhusa, nikaenda dukani kwake, nikamkuta amelala chini ya lori. Nikamtaka awaondoe watu wake mara moja. Akatoa kichwa, uso mzima grisi, akauliza watu gani. Nikamwonyesha simu. Aliitazama, akanitazama mimi, akarudi chini ya lori. Kiburi!

Niliporudi, dada wa mapokezi akaniita pembeni. Akaniuliza kwa adabu zote, kwa jina wanaloniitia kazini: Profesa, hao si ni sisi? Tukahesabu. Wao wanane. Mimi, simu mbili na kompyuta ya karakana. Kumi na moja. Wa kumi na mbili alikuwa bosi, aliyetaka kujua kwa nini leo hakuna anayefanya kazi.

Nimewaondoa wote. Sasa hakuna anayekitazama. Bei haijashuka.

Alhamisi, 13 Juni

Ushindi! Duka la vilivyotumika limeandika: imebaki nakala moja. Nikabonyeza. Robo ya bei! Nimewanunulia soda wote tisa, bosi akiwemo. Mhasibu akapiga hesabu, akasema kwa soda hizo ningenunua kitabu kipya. Mhasibu hana furaha maishani.

Jumatatu, 17 Juni

Kimefika. Ni toleo la tatu. Ukurasa wa duka ulisema wazi. Mimi sikusoma chini ya bei. Tena mwenyewe wa kwanza amejibu maswali yote kwa wino, na mke wangu anasema karibu yote amekosa. Ukurasa wa 41 amempa mtoto mchanga dawa ya kumtosha ng'ombe.

Nikakimbilia duka la chuo. Vimekwisha. Cha mwisho kilitoka Alhamisi, siku niliyokuwa nagawa soda. Nikamuuliza muuzaji kama vingine vitakuja. Akasema mwezi ujao.

Mke wangu hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alikaa, akavua viatu vya kazi, akaniambia taratibu kwamba hakuniomba kitabu cha bei nafuu. Aliniomba kitabu. Halafu akasema asijali mtu, mwenzake wa wodini anacho, watakuwa wanasoma pamoja kila jioni kwa huyo mwenzake.

Ameondoka, na maneno yake nimebaki nayo. Nilipokuwa najifunza kazi ya lenzi, yeye ndiye aliyeninunulia vitabu. Vipya. Hakulinganisha chochote, na mimi sikuwahi kumuuliza alijinyima nini. Naona aibu. Naandika hapa kwa sababu hakuna anayesoma hapa.

Alhamisi, 20 Juni

Amesahau miwani yake ya kusomea. Nikampelekea. Nilifika mlangoni kwa mwenzake, nikainua mkono nigonge, nikasikia sauti ya mke wangu dirishani. Alikuwa anaeleza matone ya dripu, mangapi kwa dakika. Mwenzake akapotea njia. Akamwanzia upya, polepole, kwa vikombe na kijiko cha chai, mpaka yule akasema aah, kumbe ni hivyo.

Nimeishi na mwanamke huyu miaka ishirini, wala sikujua kwamba ana sauti ya mwalimu. Mimi nilimzoea na ndoo. Nikasimama pale na miwani mkononi, nikajiuliza kama kweli nilikuwa natafuta bei, au nilikuwa natafuta kitu kimoja katika safari yake hii ambacho kingekuwa changu. Jibu lilikuja haraka, na sikulipenda. Naogopa atakwenda mbele aniache nilipo. Nimeandika, basi.

Nikagonga, nikampa miwani, nikarudi nyumbani kupika.

Jumamosi, 22 Juni

Aliingia saa tatu, akatoka saa sita. Anasema swali la nne lilikuwa la matone. Hakusema zaidi, nami nikanyamaza. Kunyamaza ni kazi.

Ijumaa, 12 Julai

Amefaulu! Wa tatu kati ya mia na kumi! Yeye alilia jikoni, mimi sebuleni, ili asinione. Shemeji kaja na keki, akanipigapiga mgongoni kana kwamba nimefiwa.

Masomo yanaanza Jumatatu. Na mama huyu, bila kumwambia mtu, ametoka kazini akapitia duka la chuo, akajinunulia kitabu cha mwaka wa kwanza. Kipya, nailoni haijachanwa. Kakiweka katikati ya meza, na kila akipita anakigusa. Hakuniomba chochote.

Nimeapa. Sitakigusa. Sitalinganisha. Mtu mzima hukosea, hujifunza, hutulia.

Jumamosi, 13 Julai

Niliangalia tu. Kuangalia si kununua.

Duka jipya kabisa, sikuwahi kuliona, wanacho kwa nusu! Toleo lilelile. Safari hii nimesoma mpaka chini ya bei, kila mstari. Maskini mke wangu, ameibiwa mchana kweupe, naye ni mpole mno kulalamika. Ningekaa kimya ningekuwa mume gani?

Alipokwenda zamu nikachukua kitabu na risiti, mbio hadi chuoni. Wanapokea kitabu kilichorudishwa ndani ya siku saba, mradi nailoni ni nzima. Ilikuwa nzima! Nilifika dakika tano kabla hawajafunga. Nyuma yangu alikuwepo binti mmoja aliyekuwa akikitafuta hichohicho, akakichukua kabla hakijarudi rafuni. Kilikuwa cha mwisho. Ana bahati mbaya, hakulinganisha.

Cha nusu bei nimeshaagiza. Wanasema kitafika Jumatano, au Jumatano ya pili yake.

Anarudi saa kumi. Nimeweka karatasi ya oda katikati ya meza, pale kitabu kilipokuwa, auone uokoaji kwa macho yake.