Gari la Baba Linachemsha

Jumatatu, 3 Juni
Gari la marehemu baba limechemsha tena. Na limechagua kuchemshia mbele ya lango la shemeji. Alitoka na kikombe chake cha chai, akautazama mvuke, akasema kwa upole kwamba hata chuma kina haki ya kustaafu. Dada yangu, mkewe, akaongeza: lisipomfikisha mama salama kwenye harusi ya binamu Jumamosi, liuzwe. Nimekubali. Nina mpango. Fundi hahusiki.

Jumanne, 4 Juni
Dereva wa lori kaniambia niondoe themostati, kile kidude kinachozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto. Nimekiondoa. Nikazunguka mtaa mzima, mshale wa joto haukupanda. Kumbe ufundi wenyewe ndio huu tu. Imebaki boliti moja mkononi. Nadhani ilikuwa ya ziada.

Jumatano, 5 Juni
Asubuhi ya baridi kali. Nimempeleka mama zahanati. Nikawasha hita, ikatupulizia baridi kama jokofu lililoachwa wazi; bila themostati injini haipati moto. Mama akajifunika shali mpaka puani. Zamani, asubuhi kama hizi, baba alikuwa akiweka viatu vyetu vya shule mbele ya hita hiyohiyo, vyangu na vya dada. Tulivivaa vina moto. Harufu ile ya ngozi na vumbi naisikia mpaka leo. Hita lazima irudi.

Ijumaa, 7 Juni
Nimeziba nusu ya rejeta kwa kipande cha boksi, injini isipoe haraka. Hita imefufuka. Nikaona nusu ni woga. Nimeziba yote.

Jumamosi, 8 Juni
Limechemka katikati ya mlima, mama kavaa nguo yake ya kwendea harusini. Nikafungua boneti, mvuke ukanifunika. Shemeji akatupita, akarudi nyuma, akashusha kioo, akamwambia mama gari lake lina kiyoyozi. Mama akamjibu, "Tangulia tu, mwanangu. Sisi tunangoja lipoe."

Nilidhani ananihurumia. Kumbe hapana. Alikaa kwenye jiwe, akavua viatu. Akasema baba nyumbani hakuwa mtu wa maneno. Ila gari likichemka, na lilichemka kila safari, hakuwa na pa kukimbilia. Ndipo alipokuwa akizungumza.

"Hata kunichumbia alinichumbia hivihivi," akasema. "Boneti iko wazi."

Nikamwuliza baba alisemaje. Akacheka, akatazama barabara. Tukakaa hivyo mpaka likapoa, na sikutamani lipoe.

Tumefika keki imeshakatwa. Mama akamwambia dada gari haliuzwi, akaenda kutafuta kiti.

Jumapili, 9 Juni
Mama kaita fundi. Tatizo lilikuwa kifuniko cha rejeta, mpira wake umechoka, hakishiki presha. Basi. Fundi akaweka kipya, akarudisha themostati, akatoa boksi langu kwa vidole viwili. Hita inachoma, mshale umetulia. Wakati wa kuondoka aliniomba, kwa heshima zote, nisiguse tena kitu.

Nimempigia shemeji simu kumweleza kwamba gari nimelitengeneza mwenyewe, fundi alikuja kukagua tu.

Jioni nikasikia kamlio kwenye breki. Kadogo. Mambo ya kumsumbua fundi hayo? Gurudumu moja nimeshalifungua.