Salamu za Mitandao Sita

Jumanne, 11 Juni

Nasema, simu inaandika. Fundi simu wa kwenye kona ndiye aliyeniwekea. Shule mimi niliiona kwa nje, nikipita na ndoo kichwani, kwa hiyo haya yanayoandikwa hapa sitayasoma. Vizuri tu. Siri itakuwa salama hata kwangu mwenyewe.

Nina mitandao sita. Wa picha, wa video, wa kuuziana vitu, wa kugombana, wa ukoo, na wa sita ambao mpaka leo sijui watu wanafanya nini humo. Sikuingia kwa umbea. Namtafuta mjukuu wangu, yule niliyemlea tangu binti yangu afariki. Alikwenda mji wa mbali kufanya kazi kiwandani, namba yake ikafa, na tangu mvua zilizopita sijaisikia sauti yake. Fundi akasema vijana wote wamo mitandaoni. Mtandao upi? Hajui. Nikaingia yote.

Jumatano, 12 Juni

Asubuhi nzima imeishia kwenye salamu. Huwezi kuingia penye watu ukapita kimya kama mwizi. Mmoja mmoja namtumia sauti: umeamkaje, wazazi hawajambo, bibi yako je? Kwenye mtandao wa kugombana wameniuliza niko upande gani. Nikawajibu niko uani, naanika nguo.

Anayenijali ni mmoja tu. Picha yake ni ua jekundu. Kila siku ananiandikia, ananiwekea na mioyo. Namwambia bibi yake ana bahati, asimsahau. Leo kanijibu kwa visura vinavyocheka mpaka machozi. Mtoto mwenye adabu.

Mama Vifungo, jirani yangu fundi cherehani, amejitolea kunisomea hayo maandishi. Nimekataa. Ana wafuasi wengi kuliko mimi. Akionja wangu, atawabeba wote.

Wakati nasalimia, pasi ikajisahau juu ya shati la mwalimu mkuu, ninayemfulia. Sasa lina dirisha mgongoni. Nimemwambia ni la kupitisha hewa.

Ijumaa, 14 Juni

Nimechoka. Macho yanawasha, nguo za watu zimelundikana mpaka mlangoni, na mjukuu hayumo. Nimeamua kujitoa kote. Fundi simu akasema ni kubonyeza tu, basi. Bila kuaga? Nimelelewa na ng'ombe?

Nikakaa kitako, nikakohoa vizuri, nikatuma sauti kwenye mitandao yote sita. Nikasema safari yangu imefika mwisho. Niliowakosea wanisamehe. Walionikosea nimewasamehe, isipokuwa Mama Vifungo, huyo bado namfikiria. Na mjukuu wangu, popote alipo, ajue mlango wa bibi yake haufungwi. Kwaherini.

Nikazima simu. Nikalala kama mtoto aliyeshiba.

Jumamosi, 15 Juni

Nimeamshwa na vilio. Nikajiuliza nani kafa mtaani kwetu, na mbona sijaambiwa. Nikatoka na beseni langu la nguo zilizolala kwenye sabuni.

Uani wamejaa ndugu, majirani, na mwanangu mkubwa akipanga viti vya kukodi chini ya turubai. Mama Vifungo yuko chini, kanga kichwani, analia kwa pumzi zote. Aliponiona akanyamaza katikati ya kilio. Mwanangu alikaa kwenye kiti ambacho hakikuwepo.

Wamenisema wee! Wengine wamesafiri usiku kucha. Nikawaambia kama wangekuwa wanakuja nikiwa hai, wasingepata taabu ya kuja nikiwa maiti.

Ndipo mtu akaingia anakimbia, na ovaroli la kiwandani mwilini. Mjukuu wangu! Kakonda kama ufito. Akanishika mabega, akanipapasa uso kama anatafuta palipovunjika.

“Mke mwenza,” akasema, “unakufa hivihivi, na mimi nakuandikia kila siku?”

Tunaitana wake wenza tangu akiwa mdogo, kwa ajili ya marehemu babu yake. Nikamuuliza anamwandikia nani.

“Wewe! Siku ya kwanza nilikuandikia, nikidhani Mama Vifungo anakusomea: ni mimi, simu iliibiwa, na kwa hii ya mtumba nakusikia, lakini haipeleki sauti yangu. Ukaniuliza bibi yangu hajambo. Kila siku unaniuliza bibi yangu hajambo! Nikajua ni utani wetu.”

Nikaliweka beseni chini. Nikamuuliza kama yeye ndiye Ua. Akaitikia kwa kichwa. Nikamuuliza kwa nini hakuweka uso wake.

“Uso wenyewe ndio huu, bibi. Sikutaka uuone.”

Nikaushika kwa mikono yangu yenye sabuni. Nikamwambia uso huo niliuosha kabla yeye hajaujua, hana ruhusa ya kunificha. Alilia. Mimi sikulia, ilikuwa sabuni. Kisha nikamlisha mpaka akaomba msamaha.

Mama Vifungo akasema ningemwachia asome, tungemjua siku ile ile. Nikajifanya sisikii.

Jumatatu, 17 Juni

Wameondoka wote. Mjukuu amerudi kazini na simu nzima aliyonunuliwa na mjomba wake. Jana jioni alinipigia, nikaisikia sauti yake mwenyewe. Kabla ya kuondoka aliniachia mtandao mmoja tu, na uso wake juu yake. Akaniapisha: mmoja unatosha, na maandishi nimpe Mama Vifungo anisomee. Nikaapa mara mbili, ili afurahi.

Asubuhi hii nimekwenda kwa fundi simu, anirudishie yote. Kumbe kuna na wa saba. Nitawaachaje watu waliojificha humo nyuma ya maua? Kila mmoja ana bibi yake mahali. Na nyumba ikizidi kuwa kimya, nitaaga tena. Turubai bado liko uani.

Kwenye huo wa saba nimemkuta mmoja mwenye picha ya paka. Nimemuuliza bibi yake hajambo. Kaandika maneno mengi, marefu, hayaishi. Mama Vifungo amechungulia juu ya ukuta, ameuliza kama anisomee. Thubutu!

Nasikia harufu ya kuungua. Ni shati la mwalimu mkuu, lile lililobaki.