Jeshi Langu la Bakteria Nakaloke

Leo nimeumbuka, tena kwenye shamba la ukoo wetu.

Mnanijua. Miaka ishirini ya kutangatanga: Busia, Juba, Jinja, na kila mahali naota udongo wa kwetu Nakaloke. Miezi miwili iliyopita nikasema basi. Nikatoka Jinja na begi moja na pakiti ya unga mweusi, nikiikinga na jua kama mtoto mchanga. (Nguo zilinyeshewa. Pakiti haikuguswa.) Ndani mlikuwa na bakteria hai. Unawapaka kwenye mbegu za maharage, wanaingia mizizini, wanajenga vinundu, wanavuta naitrojeni kutoka hewani. Mbolea ya bure!

Shamba analishika binamu yangu, Afande Wamimbi, askari magereza mstaafu. Akaniambia, "Nakupa mistari kumi, bwana. Vinundu vikionekana, kipande hiki ni chako, jenga. Visipoonekana, usinisumbue tena."

Nikapaka mbegu kwa maji ya sukari na ule unga, nikaziweka kivulini kwa shangazi. "Zichunge, shangazi, zina bakteria." Kisha nikaenda Malukhu kujitapa kidogo. (Kidogo! Nilirudi jioni.) Nilizikuta mbegu zinang'aa, weusi wote umetoweka. Nikafikiri bakteria wameshaingia ndani. (Ndiyo, nilisoma sekondari.) Tukapanda, nikachomeka vijiti vya mpaka kuzunguka kipande changu.

Leo ilikuwa siku ya ukaguzi. Majirani wakajaa. Nikahutubia kama mkuu wa wilaya, nikachimba mche wa kwanza, nikakung'uta udongo. Mzizi mtupu. Wa pili, mtupu. Wa tano nimeuchimba nikiwa nimepiga magoti.

"Bwana," Afande akasema, "jeshi lako limetoroka?"

Shangazi akajibu kwa fahari, "Litoke wapi? Si alisema mbegu zina bakteria! Nilizisugua kwa sabuni, nikazianika juu ya mabati mchana kutwa. Ningemwacha alete ugonjwa kwa watu?"

Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Nikamtazama yule mama aliyenifulia sare za shule. Nimkasirikie vipi?

Nikasema, "Afande, msimu mmoja tu mwingine."

Yeye hakucheka. "Tulikubaliana." Akaanza kung'oa vijiti vyangu vya mpaka, kimoja kimoja.

Naandika nikiwa Mbale mjini, nasubiri basi la Jinja. Safari hii sirudi tena. Tafadhali, msicheke. Shangazi amenifungia maharage ya njiani. Anasema nisiwe na wasiwasi, ameyaosha vizuri.